Kifuko cha Kabyemera

Kaeni vizuri, na mwenye kutafuna ameze kwanza. Mwishoni nitauliza, na sitaki kujibiwa na mdomo uliojaa.

Bi Kokwijuka wa kule Kagera alikuwa na watoto watatu. Adventina alijaliwa jicho: mwonyeshe mkeka, akutajie aliyeusuka. Projestus alijaliwa kumbukumbu, hasahau hata kofi alilopigwa akiwa na miaka mitano. Jovinata alijaliwa mdomo, na huo mtausikia wenyewe.

Baba yao, Kabyemera, alikwenda vitani na mgambo, hakurudi. Jirani mmoja akadai amemwona ng'ambo ya mpaka na mwanamke. Bi Kokwijuka hakuuliza mara mbili. Matanga hakukaa, nguo za mume akazigawa, na kila aliyemuulizia alijibiwa, "Katoroka." Watoto wakakua wakiitwa wana wa mtoro.

Juzi, watu wazima sasa, wakaenda na mama yao kwenye makumbusho ya vita. Ukutani majina yalijaa, la Kabyemera halikuwapo. Bi Kokwijuka alitangulia chumba cha ndani, akatoka upesi. "Twendeni zetu. Miguu inaniuma, na humo hamna kitu."

Wakaingia hivyo hivyo. Kwenye kabati la kioo palikuwa na kifuko cha ukili cha kutilia tumbaku, na kibao: "Cha mwanamgambo asiyejulikana. Kilitolewa mwilini mwake kabla ya maziko."

Adventina akasimama. "Ukili huu umelalia kushoto. Kwetu nani anasuka kwa shoto zaidi ya Mama?"

Projestus akainamia kioo. "Ukingo umeungua! Asubuhi ile Baba anaondoka kilimdondokea mekoni, mimi nikakiokota. Baba akacheka, akaniita zimamoto."

Mwangalizi akasema wenye shoto ni wengi, na vitu vinaungua kila siku, kabati halifunguliwi. Hapo Jovinata akaanza. Akambembeleza, akamtania, akamwita shemeji, akamuuliza kama baba yake mwenyewe angefurahi kuandikwa asiyejulikana. Kabati likafunguliwa. Kifuko kikageuzwa ndani nje: bitana yake ilikuwa ya maua mekundu, kipande cha ile mbeleko iliyowabeba wote watatu, ambayo hadi leo Mama anafungia maharage.

"Jina litaandikwa," mwangalizi akasema. "Siku ya Mashujaa mmoja wenu ataweka shada la maua na kulitamka. Mmoja tu. Nimwandike nani?"

Kukawaka.

"Bila jicho langu mngepita!"

"Shoto tu? Mimi ndiye niliyemkumbuka!"

"Nyie? Mngekuwa bado mnachafua kioo kwa vidole!"

Adventina akachoka kwanza. "Basi aweke Mama. Ndiye aliyekisuka."

Wakageuka. Bi Kokwijuka alikuwa nyuma ya nguzo, khanga mdomoni. Miaka arobaini alimwita marehemu mtoro, na sasa hakujua auweke wapi uso wake.

"Mama, mbona husemi?"

"Nilikiona," akasema. "Tangu mlangoni. Nilikijua, nikawaambia hamna kitu."



Mwangalizi bado ameshika kalamu. Haya, nyinyi mliokwisha kumeza: jicho, kumbukumbu, mdomo, au mkono uliosuka kifuko ukaona haya kukinyooshea kidole? Msinitazame mimi. Shada mngempa nani?