Kwa Nini Mfiwa wa Kisulwe Haulizwi Aendako

Hapo zamani, kabla nguo za madukani hazijapanda nyanda za juu, kila nyumba ya Kisulwe ilivaa pamba iliyoilima yenyewe. Mwanamke alisokota uzi ameketi mlangoni, mwanamume aliufuma. Hakuna mwanamume aliyeshika kijiti cha kusokotea, wala hakuna mtu aliyesokota akiwa amesimama.

Mke akifa, mume alimpelekea mama wa marehemu nguo ya uzi wa nyumba ile kabla ya mvua za kwanza. Akishindwa, jina la marehemu lilirudi kwao, na mume hakuruhusiwa kulitaja tena.

Nasungwa, mke wa Sipemba, alifariki mwezi wa kuchuma pamba. Uzi aliouacha ulitosha nusu ya nguo. Majirani walimletea Sipemba uzi wao. Aliwashukuru, akaurudisha. Mama wa Nasungwa ndiye aliyemfundisha binti yake kusokota. Vidole vyake vingejua.

Akachukua kijiti cha mkewe, akaketi mahali pake mlangoni. Uzi ukakatika. Akaunga, ukakatika. Hakuweza kutulia. Aliinuka kuangalia moto, akarudi. Akaenda kuchungulia mtungi alioujaza mwenyewe, akarudi. Siku ya nne aliinuka bila kukiweka kijiti chini, na alipofika zizini akaona uzi umeshuka hadi magotini, mzima. Akasimama kuutazama. Ukakatika.

Basi akatembea. Alisokota akienda mtoni, akapanda kilima, akazunguka mashamba ya ulezi, kesho yake akaanza upya. Watu walicheka. Kasuli, mfumaji mwenzake, alimwambia hadharani, "Ndugu yangu, sasa umebakiza kubeba mimba tu." Sipemba alikuwa na jibu, lakini kujibu kulitaka kusimama.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, uzi ulitosha. Kuketi na kufuma aliweza, kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka.

Mama mkwe alimpokea akiwa amempa mgongo, kama heshima ya ukwe ilivyotaka. Nguo ikawekwa mapajani mwake. Katika nusu ya kwanza vidole vyake viliteleza bila kukwama. Kisha vikasita.

"Hapa ndipo alipoishia," alisema.

"Ndiyo, mama."

Akagusa fundo. "Na hapa?"

"Hapo nilikutana na mkata kuni. Aliniuliza nakwenda wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilisimama nitafute la kumjibu. Uzi ukakatika."

Vidole viliendelea, fundo baada ya fundo, mpaka upindo wa nguo. Mama yule hakugeuka.

"Mtaje Nasungwa utakavyo," alisema. "Na waambie watu wa kwenu wasikuulize tena."

Sipemba alirudi kwa miguu, akilitaja jina njia nzima. Kijiti hakukiweka chini, ijapokuwa hapakuwa tena na nguo ya kumaliza.

Na tangu siku hiyo, mwanamume wa Kisulwe aliyefiwa na mke husokota akitembea. Anayekutana naye humpisha, wala hamuulizi aendako. Nguo atakayoifuma huwa nusu laini, nusu mafundo. Wageni huitazama wakadhani uzi ulikuwa mbaya. Wenyeji hupitisha kidole taratibu mpaka pale ulaini unapokoma, na hapo hulitaja jina la mwanamke.