Majoho ya Hariri na Mto wa Kiserani

Alitawala zamani, na sasa amebaki jina tu, Sultani Mughira bin Sifuani, bwana wa mji wa Darinuri na majimbo yake yote, na kidoleni mwake mlikuwa na pete ya kumtumikisha jini Tandabelua, awezaye kung'oa mlima na kuupanda kwingine kama mche wa mchicha. Lakini wahenga walioifunga ile pete waliweka sharti, kwamba jini hasogezi hata kokoto ila kwa amri yenye mihuri ya mabaraza mawili. La kwanza ni Baraza la Watu, ambamo penye watu wengi hutoka wajumbe wengi. Na la pili ni Baraza la Majimbo, ambamo kila jimbo, kubwa kwa dogo, lina kiti kimoja tu.

Basi Sultani akatamani kuuhamisha mto wa Kiserani, jimbo dogo la wakulima wa tende, uje umwagilie bustani zake na kujaza visima vya Darinuri. Baraza la Watu, lililosheheni watu wa mjini, likapiga muhuri kwa shangwe. Likabaki la pili, na humo alikuwamo Mwanashali binti Hamadi, mjumbe wa Kiserani, aliyejua kuwa mto ukienda, kwao kutabaki vumbi na makaburi.

Siku ya shauri, wajumbe wakatunukiwa majoho ya hariri kutoka kwa Waziri, na Mwanashali naye akalivaa lake juu ya kaniki yake, maana nani asiyependa hariri? Waziri Bardisi, fundi wa sihiri, akauliza, "Je, mto uhame?" Mwanashali akafungua kinywa akatae, kikatoka "Naam!" Akajaribu tena, "Naam!" Na wenzake wote naam, naam. Hofu ikamshika, kisha hasira, akalivua lile joho mbele ya kadamnasi na kulibwaga chini.

"Hapana!" akasema, na sauti ilikuwa yake. "Waziri, umetuvika sihiri!"

"Nyamaza, mwanamke! Wengi wape! Nyinyi wa Kiserani hamjazi hata uwanja wa ngoma."

"Wengi tumeshawapa. Wana baraza lao, na humo wametushinda. Hapa hatuhesabiani vichwa, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Ndugu zangu, leo ni mto wetu, kesho ni chumvi yenu na misitu yenu. Vueni!"

Mjumbe wa wachimba chumvi akalivua lake, kisha mwingine, na mwingine, hata sakafu ikafunikwa hariri, na ukumbi ukatikisika kwa hapana. Sultani akaisugua pete mpaka kidole kikachubuka, na jini akatokea, akaitazama ile amri, akacheka.

"Maulana, muhuri mmoja ni nusu ya amri, nami sibebi nusu." Akatoweka.

Sultani alipoona nguvu imegonga mwamba, akalainisha sauti. "Mwanashali, nitakuoa. Utakuwa malkia, na neno lako kwangu litapita mabaraza yote."

"Ahsante kwa heshima, Maulana. Lakini mke akiitwa na mumewe huitika labeka, na watu wa Kiserani hawakunileta hapa kuitika labeka. Kiti changu ninacho." Akakikalia.

Baadaye aliolewa kwao, na mkwezi wa mitende aliyempenda mwenyewe, na utajiri wao ulikuwa ule mto. Nanyi mlionisikiliza, mkinywa maji ya Kiserani, kumbukeni kuwa yalilindwa na kiti kimoja, na aliyekikalia alikataa kuinuka.