Visanduku Mia Moja na Vinane

Palikuwa na fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na kichwa kizito. Mkono wake ulishona kama umezaliwa na sindano, lakini kichwa chake kikiona kazi nyingi kiliganda kama mafuta wakati wa baridi. Basi chuo cha wauguzi kikampa kazi ya kushona majoho kumi na nane ya mahafali, na mmoja wa wahitimu hao alikuwa binti yake wa kumzaa. Mahafali ni Jumamosi. Jumatatu asubuhi chumba chake cha kazi kilikuwa kimefurika vitambaa vya buluu, na joho lililokamilika hakuna hata la dawa.

Kosa lake lilikuwa moja. Alianza joho, akifika kwenye mikono anaingiwa na hofu kwamba mengine hayatawahi, analiacha na kurukia jingine. Sasa alikuwa na majoho tisa yasiyo na mikono, mikono mitano isiyo na wenyewe, na kola moja iliyokaliwa na paka. Akaketi, mkono shavuni. Tayari alimwona binti yake mbele za watu, amevaa gauni la nyumbani, na wenzake kumi na saba wakimtafuta kwa macho mama mtu.

Mama mkwe wake, ajuza aliyeishia darasa la nne lakini akajua mambo ya darasa la mia, akaingia na chai. Alipoelezwa yaliyojiri hakutoa pole. Alichukua boksi tupu, akalipasua, akalipiga mistari kwa chaki ya kuchorea nguo. Juu akaandika kukata, mikono, kola, zipu, upindo, pasi. Pembeni, akadai atajiwe majina ya wasichana. Fundi akataja kumi na saba, akaishia hapo. Kuulizwa la mwisho, akasema mwanawe atangoja, akipata nafasi atamshonea. Ajuza akamjibu kwamba mfinyanzi hulia gaeni kwa ujinga wake, si kwa sababu vyungu vimekwisha. Akamwandika mjukuu wake juu ya wote, mstari wa kwanza.

Fundi akahesabu visanduku, akashika kichwa.

"Mama, nilikuwa na kazi kumi na nane. Sasa umenipa mia moja na nane."

"Ndiyo, mke wa mwanangu. Lakini zile zilikuwa ndovu, hizi ni sisimizi. Ndovu anakukanyaga wewe. Sisimizi unamkanyaga mwenyewe."

Siku hiyo fundi alikatazwa kugusa cherehani. Ni mkasi tu, na kila joho likikatwa, alama ya chaki kwenye kisanduku chake. Alama tisa alizipata bure, kwa yale yaliyokwisha kukatwa, na bure ile ikamtia nguvu. Kufika alasiri alama kumi na nane zilikuwa zimejipanga kama kunguru juu ya waya. Jumanne ikawa mikono, Jumatano kola, Alhamisi zipu, Ijumaa upindo na pasi. Akawa anaimba. Paka akafukuzwa. Tatizo ni kwamba utamu wa zile alama ulimlevya, akawa anazitia hata kabla uzi haujakatwa.

Ijumaa jioni boksi lilijaa. Binti akaja kutoka chuoni, akavaa joho lake, akageuka awaonyeshe. Mbele lilikuwa wazi kutoka shingoni hadi magotini. Wote watatu wakalitazama boksi: mstari wa kwanza, chini ya zipu, palikuwa na alama kubwa kuliko zote.

"Mwanangu," ajuza akamwambia fundi, akiifuta kwa kidole alichokilamba kwanza, "alama haivaliwi."

Fundi alicheka mpaka akalengwa na machozi. Akashona zipu ile, binti amekaa kando na khanga, akimhimiza kama bosi. Kisha, kwa aibu kidogo, akayakagua majoho mengine yote, akafuta alama mbili nyingine kimyakimya, akamalizia na kazi hizo. Safari hii uzi ulikatwa kwanza, chaki ikafuata.

Jumamosi wasichana kumi na wanane walipita mbele ya watu, buluu tupu, hakuna aliyepungukiwa hata uzi. Binti alipoitwa, fundi alisimama akapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mama mkwe hakusimama. Alikuwa anahesabu zipu. Zote zilikuwepo. Kazi iliyokuwa ikimlemea fundi kama gogo haikuondolewa na muujiza wala pigo moja la shoka, ndipo wote wawili wakakiri kwamba waliosema walisema kweli: bandu bandu huisha gogo.