Mtani wa Lori la Mabomba

Jambo la mwisho la kawaida alilolifanya Otilia lilikuwa kumtukana dereva wa lori.

Alikuwa anaanua nguo. Lori la mabomba lilikuwa linapita kuelekea kwenye kisima cha gesi, likapunguza mwendo kwenye kona iliyo mbele ya nyumba yake. Otilia akasogea hadi ukingoni mwa barabara, shuka lililojaa vumbi mkononi.

"We Mngoni," akasema, "babu zako walikuja na mikuki, wakashindwa kutumaliza. Wewe umeona uje na vumbi."

"Wamwera hamna shukrani," dereva akajibu kutoka dirishani. "Mnapakwa poda ya bure, bado mnalalamika. Kaoge, bibi."

"Nikioga nitapendeza, utashindwa kuendesha."

Dereva, Ngonyani, akacheka, akaondoa lori. Otilia akaingia ndani na kumwambia mumewe, Mwalimu Gaspari, kwamba anajilaza kidogo kabla ya kupika. Hakuamka. Alikuwa na ugonjwa wa moyo wa muda mrefu, na daktari alikwisha kuwaambia wote wawili kwamba huenda ikawa hivyo.

Kijiji chao, Namkongwe, kilikuwa na ugomvi na kampuni ya gesi. Barabara yao ilikuwa ya udongo, imezoea baiskeli na basi la siku ya mnada. Malori yaliikata mifereji. Masika ilikuwa tope, kiangazi vumbi liliingia hadi kwenye sufuria. Kampuni iliahidi kumwaga kifusi na kuleta gari la maji. Kila mkutano alikuja afisa mahusiano, akasikiliza, akashukuru, akaondoka. Zaidi ya huyo, watu pekee wa kampuni ambao kijiji kiliwaona ni madereva. Kwa hiyo hasira yote iliwaangukia madereva.

Siku ya mazishi, Kasiani, mtoto wa dada yake Otilia, alikata magogo na vijana wenzake, wakayalaza katikati ya barabara karibu na makaburi.

"Leo lori halipiti, baba," akamwambia Mwalimu. "Vumbi la hawa watu ndilo lililomuua mama mdogo."

"Mama yako mdogo amekufa kwa moyo, Kasiani. Nilikuwepo."

"Hata kama. Leo watu wote wapo. Tukiwaacha leo, tutawapata lini?"

"Mimi naomba jambo moja tu. Nimzike mke wangu bila mtu kupigwa."

"Hilo kamwambie dereva asije."

Dereva akaja. Jeneza lilikuwa limeshafika kando ya kaburi pale lori lilipoonekana, likasimama mbele ya magogo. Vijana wakalizunguka na fimbo zao. Ngonyani akashuka. Akawatazama wanawake waliojifunga kanga, akatazama jeneza.

"Nani?" akauliza.

"Otilia," mtu mmoja akamjibu.

Akavua kofia ya kazi. Kisha akapita katikati ya vijana kama vile hawaoni, akafika kaburini, akachungulia, akarukia ndani na kulala chali na mabuti yake ya kampuni.

Kilio kikakatika. Kasiani akainua fimbo.

"Toka humo."

"Weka fimbo yako chini," bibi mmoja akamwambia. "Huyo ni mtani. Yuko kazini."

Na ndivyo ilivyokuwa, maana Wangoni na Wamwera ni watani. Kwao, mtani ana haki ya kuzuia maziko mpaka wafiwa wamkomboe, na mtani aliye msibani hapigwi. Hata vijana wale walilelewa hivyo. Katekista akafunga kitabu chake, akasubiri.

"Hapa ni padogo," sauti ya Ngonyani ikatoka chini. "Otilia mwenyewe ataenea. Ule mdomo wake mtauweka wapi?"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mwingine naye akacheka. Mwalimu Gaspari, ambaye tangu juzi hakuwa amecheka wala kulia, alijikuta akifanya yote mawili kwa pamoja.

"Nani atanitukana pale kwenye kona?" Ngonyani akaendelea. "Mimi sitoki. Nizikeni naye."

Mwalimu akasogea ukingoni, kama desturi inavyomtaka mfiwa.

"Mtani, toka. Sema unataka nini."

Kila mtu alijua atakachodai. Kasiani akawahi kusema, "Akitaka tuondoe magogo, tutamfukia humo humo."

Ngonyani akaketi, akajipangusa udongo usoni. Sauti yake haikuwa tena ya mzaha.

"Magogo ni yenu, yaacheni. Mimi namtaka Mwalimu. Kesho asubuhi apande lori langu twende naye kambini. Habari za barabara hii nimemwambia mkubwa wetu, nimerudia, mpaka akanitaka nichague kati ya mdomo na usukani. Mimi nina watoto, nikachagua usukani. Nataka sasa asikie kwa mtu ambaye hawezi kumfukuza kazi."

"Mbona hukutuambia?" Kasiani akauliza.

"Ningesema saa ngapi? Mlikuwa mnanirushia mawe. Unadhani mashimo yale yanakuumiza wewe tu? Mgongo wangu nao ni wa binadamu. Katika kijiji hiki aliyekuwa akizungumza na mimi ni mmoja, ndiye huyu mnayemzika."

Kasiani akatazama fimbo yake, asijue aiweke wapi. Mwalimu akainama, akampa Ngonyani mkono na kumvuta juu.

"Nimekubali," akasema.

Wakamzika Otilia. Ngonyani alishika kamba upande mmoja wa jeneza, Kasiani akashika upande wa pili. Hakuna aliyepigwa.

Asubuhi iliyofuata, vijana walisogeza magogo yao wenyewe, na Mwalimu Gaspari akapanda lori. Njiani alirushwa huku na huku hadi akashika dashibodi kwa mikono yote miwili.

Mkubwa wa kambi alimkuta getini. Alidhani mzee amekuja kulalamika, akaanza kueleza habari za bajeti.

"Sikuja kwa hayo," Mwalimu akamkatiza kwa upole. "Nimefiwa na mke wangu. Kwetu jirani akifiwa, majirani huja kumpa pole. Wewe ni jirani yetu na hatujakuona. Nikafikiri labda hukupata habari, ndiyo maana nimekuja kukuchukua."

Yule mkubwa akatoa pole, akageuka kwenda kutafuta ufunguo wa gari lake.

"Acha gari lako," Mwalimu akasema, akamfungulia mlango wa lori. "Ngonyani atatupeleka. Panda, baba, ukae katikati yetu."

Funzo: Usimchukie mtu kwa sababu tu ndiye unayemwona kila siku, zungumza naye kwanza, huenda kinachokuumiza wewe kinamuumiza na yeye.