Mikono ya Mwanaheri

Paukwa!
— Pakawa!
Jiwe?
— La kusagia hina!
Ndimu?
— Ya kuikoleza!
Maji?
— Yakae mbali!

Basi yakae mbali, nanyi sogeeni karibu. Hapo kale, watu walipokuwa na subira ya kungoja hina ikauke, palikuwa na binti akiitwa Mwanaheri. Akaja kuposwa na Shaame, seremala. Shangazi yake akamsifu mbele ya wenye posa: anasuka mikeka, anafuma vitambaa, na wali wake jirani hushiba kwa harufu.

Mikeka, kweli. Vitambaa, kweli. Wali, uongo. Mwanaheri hakuwahi kupika hata uji.

Na Bi Mwatumu, mama yake Shaame, alikwisha kutangaza: "Mkwe akiniunguzia chungu, siku hiyo hiyo namrudisha kwao. Yeye na chungu."

Mwanaheri akamlilia Bi Zuwena, somo wake, aliyemfunda na ndiye wa kumpaka hina. "Somo, nitaachika!"

"Uachike na hina mikononi? Bibi harusi hagusi kazi mpaka hina ipauke. Wewe itunze tu."

"Niitunze hadi lini?"

"Hadi ujue kupika."

Bi Zuwena akasaga majani, akachanganya na ndimu na chai ya rangi, akamchora maua mpaka viwikoni. "Ikikauka usiioshe, ikwangue. Asubuhi mafuta ya nazi. Jioni ifukize karafuu. Sabuni ni mwiko." Mwanaheri akashika yote, akapelekwa kwa mumewe.

Wiki ya kwanza, Bi Mwatumu akaja na ungo wa mchele. "Nioshee, mwanangu."

"Hina, mama."

Akaosha mwenyewe.

Wiki ya pili akaja na nazi. "Nikunie, mwanangu."

"Hina, mama."

Akakuna mwenyewe.

Wiki ya tatu akaja na beseni la maji ya moto na kipande cha sabuni. Hakutaja kupika. Alisema, "Nawa."

Mnaona mambo hayo? Mwanaheri akalitazama beseni, akawaza safari ya kurudi kwao na chungu kichwani. Akasema taratibu:

"Nitanawa, mama. Ila naona haya kwa ajili yako. Majirani wanasema hina ya bibi harusi ikipauka upesi, ujue mama mkwe hampendi."

"Nani kasema?"

"Wote."

Hakuna aliyesema. Lakini kufika alasiri walikuwa wakisema wote, maana Bi Mwatumu alipita nyumba kwa nyumba kuuliza.

Tangu siku hiyo akawa yeye ndiye anayefukiza karafuu. Akapika yeye, akaosha yeye, na Mwanaheri akigusa hata kata ya maji, anapigiwa kelele: "Mikono!" Basi Mwanaheri akakaa kando ya jiko, mikono juu, akiuliza. Kitunguu kigeuke rangi gani? Tui zito linaingia lini? Moto unapunguzwa saa ngapi? Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu alifunzwa na mama mkwe, aliye mkali kuliko ulimwengu.

Lakini hina hupauka. Hakuna mafuta ya kuizuia. Maua yakafifia, ikabaki rangi ya kucha tu.

Mwanaheri akajifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni peke yake. Akatoka na wali wa nazi na mchuzi wa kuku. Shaame hakula, alikuwa akimtazama mama yake. Bi Mwatumu akala tonge la kwanza. La pili. La tatu.

"Huu ni wali wangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wewe hukujua kupika."

"Sikujua, mama."

"Na majirani hawakusema kitu."

"Hawakusema, mama. Mwanzoni."

Bi Mwatumu akamaliza sahani. Akanawa, akajifuta mikono kidole kwa kidole, kisha akamnyooshea mkwe wake.

"Kamwite somo wako. Nataka maua mpaka viwikoni. Na ole wako yapauke kabla ya Idi, mwanangu. Nitawaambia majirani nani hanipendi."

Hadithi imekauka, ikwangueni. Iliyokukolea, kaa nayo. Isiyokukolea, nirudishie mwenyewe.