Daftari la Bluu la Mwalimu Zefania

Nianze na kosa langu. Niliwahi kuitengenezea zahanati moja programu ya kompyuta ya kuandikishia wagonjwa. Mkataba ulisema nikimaliza niwakabidhi msimbo chanzo, yaani yale maandishi ya fundi ambayo programu hutokana nayo. Niliwakabidhi. Ila kwanza nilifuta majina na maelezo yote, nikayabana maandishi yakawa mstari mmoja usio na mwisho. Kompyuta iliyasoma bila shida, binadamu hakuweza. Nilitaka kila wakikwama wanirudie mimi tu. Jumapili ile nilishiriki Meza ya Bwana kama kawaida, na moyo haukunisuta. Umenisuta baadaye. Sikilizeni basi.

Mwalimu mmoja wa kwaya alikuwa na daftari la bluu. Jina lake Zefania, na kila wimbo aliotunga kwa miaka kumi na minne aliuandika humo kwa penseli, nota za sauti zote nne. Alipohamishiwa usharika mwingine, wazee wa kanisa waliandikiana naye kwamba atawaachia nota za nyimbo zote. Hapakuandikwa nota ni kitu gani. Nani asiyejua nota?

Zefania alikaa mezani siku tatu akinakili. Alinakili kila herufi ya nota, d, r, m na nyinginezo, lakini hakuchora mistari ya kugawa mapigo, hakutaja ipi ni sauti ya kwanza na ipi ya nne, wala wimbo mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Herufi zilifuatana ukurasa baada ya ukurasa kama siafu. Moyoni alijiambia, "Sijapunguza hata moja." Na kweli hakupunguza. Akalitia daftari la bluu kwenye mkoba, akaaga, akapigiwa makofi.

Kwaya ilizijua nyimbo kwa kichwa, kwa hiyo mwaka mzima hakuna aliyezigusa karatasi zile. Kisha vijana wa sauti ya tatu wakaenda kutafuta kazi migodini, wote saba. Mwezi huohuo Bibi Tabea, aliyeimba sauti ya kwanza tangu kanisa likiwa la nyasi, akalala kitandani asiinuke tena. Akawaita wenzake.

"Msinisubiri niingie kwenye sanduku," alisema. "Niimbieni ule wimbo wangu nikiwa bado nasikia."

Na ule wake, katikati, huongozwa na sauti ya tatu. Ilibidi ubadilishwe, sehemu ile wapewe wanawake wa sauti ya pili. Wakafungua karatasi. Wakageuza, wakageuza. Mama Elinami, kiongozi wa kwaya, alijaribu kuimba ukurasa wa kwanza, akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka.

Zefania aliitwa. Alikuja upesi na mkoba wake, maana ndicho alichokitaka, kuitwa. Wazee wakamtandazia karatasi mezani, wakaanza kubishana wao kwa wao.

"Nota ni herufi, na herufi zimo," alisema mmoja.

"Basi na rundo la matofali ni nyumba," alijibu mwingine. "Kalale humo."

Mkataba ulisomwa mara mbili, usimsaidie mtu. Zefania alitulia kwenye kiti. Hakuna aliyeweza kumwita mwongo, na jambo hilo lilimpa raha kidogo, na aibu kidogo pia.

Mama Elinami hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu. Aliziinamia karatasi zile kama mtu anayetazama mdudu asiyewahi kumwona, halafu akauliza:

"Mwalimu, ukiambiwa uubadilishe wimbo wa Bibi hapa hapa, wewe mwenyewe utafungua karatasi hizi?"

Zefania alifumbua mdomo ajibu. Mkono wake ulikuwa umeshatangulia kwenye mkoba.

Daftari likawekwa mezani. Humo kila sauti ilikuwa na jina lake na kila pigo mpaka wake. Pembeni palikuwa na mambo ambayo mzee yeyote asingeyaita nota: wapi watu wavute pumzi, kwa nini ubeti wa pili ulishushwa sauti. Na katikati ya wimbo wa Bibi, kwa penseli iliyofifia: *Hapa Tabea huchelewa. Msubirini.* Mama Elinami aliyasoma maneno hayo kwa sauti. Zefania akatazama chini, akasema, "Chukueni. Lilikuwa lenu tangu siku ile."

Mchana wa kesho yake waliimba wamezunguka kitanda. Walipofika pale katikati wanawake wa sauti ya pili wakaongoza, kisha kwaya nzima ikakaa kimya. Bibi Tabea alichelewa. Wakamsubiri. Akaingia na sauti yake.

Tangu hapo nimesoma mikataba mingi ya programu. Mingi hutaja msimbo chanzo na kupita, kama wale wazee. Lakini zipo leseni, za watu wanaogawana programu zao bure, zinazosema kama alivyouliza yule mama: msimbo chanzo ni umbo lile ambalo fundi mwenyewe angelichagua kama angetaka kuibadilisha programu. Mimi nimeirudia zahanati ile, nikawapa nilichowaficha.

Wewe ambaye kesho utatia sahihi mkataba wa namna hii, wa shule au wa ushirika wenu, nakuomba jambo moja. Kabla hujashika kalamu, muulize fundi swali la Mama Elinami, utazame mkono wake unakwenda wapi, na kile anachokishika ndicho ukiandike kwenye mkataba.