Hamini ya Badra Isiyo na Nyama

Nikisema "Chungu!" nyinyi semeni "Kimefunikwa!" Haya. Chungu!

Kimefunikwa!

Hamjala leo nini? Kwa sauti! Chungu!

Kimefunikwa!

Ndiyo hivyo. Sasa tulieni, tukifunue polepole.

Zamani sana, zamani ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia kwa wengine tu, kulikuwa na mji mdogo juu milimani, ukiitwa Hubeni, na humo waliishi Wayahudi. Watu hao walikuwa na siku yao, Sabato. Jua la Ijumaa likizama, hakuna kuwasha moto, hakuna kupika, hakuna kukoroga, mpaka jua la Jumamosi nalo lizame. Mtaniuliza, basi walishinda na njaa? Thubutu! Walipika hamini. Hamini ni mchuzi mzito wa ngano na maharage na nyama ya mbuzi. Unatiwa chunguni Ijumaa mchana, kifuniko kinazibwa kwa unga uliokandwa, chungu kinakalishwa juu ya makaa yaliyofukiwa majivu, na hakifunguliwi mpaka Jumamosi adhuhuri. Ukikosea chumvi, ndiyo umekosea. Hakuna kuonja. Mmesikia? Hakuna kuonja.

Mchinjaji wa Hubeni alikuwa Mzee Yihya, na Mzee Yihya alikuwa na binti mmoja, Badra, mrefu, si mtu wa maneno mengi, mikono inanukia vitunguu siku zote. Mama yake alikwisha kufariki, kwa hiyo jiko lilikuwa lake. Na Badra alijivunia kitu kimoja kuliko vyote: mkono wa baba yake. Maana sheria yao ilikuwa hivi: kisu cha kuchinjia kisiwe na pengo, hata pengo dogo vipi. Kabla ya kuchinja, Mzee Yihya alipitisha makali juu ya ukucha wake. Baada ya kuchinja, akapitisha tena. Kikinasa, nyama ile hawaili.

Basi wiki moja ilikuwa harusi ya mjukuu wa Mzee Azaria, mkuu wa Wayahudi wa Hubeni, na wakwe kutoka vijiji vya mbali wakabaki kula naye Sabato, hamini yao ya kupikwa na Badra. Ijumaa asubuhi wakachinjwa mbuzi wawili. Mzee Yihya akapitisha kisu juu ya ukucha. Kikanasa.

Hakuna aliyeona, wajukuu zangu. Uani alikuwa Badra tu, ameshika beseni. Aliona uso wa baba yake ukibadilika, akaelewa. Lau mzee angenyamaza, nani angejua? Lakini Mzee Yihya alivaa viatu vyake akaenda moja kwa moja kwa Mzee Azaria, na Badra nyuma yake.

Mzee Azaria akakitazama kisu, akakigeuza, akakitazama tena.

"Pengo lenyewe liko wapi? Mbona silioni?"

"Halionekani kwa macho, ndugu yangu. Linasikika kwa ukucha."

"Yihya! Nyumba yangu imejaa wakwe, nawe unaniletea habari za ukucha?"

"Ukucha umenasa. Nyama hiyo hatuli, na kisu hiki hakinoleki kabla ya jua kuzama."

"Basi sikiliza. Kesho nikiaibika mbele ya watu hawa, Jumapili utanikabidhi hicho kisu. Nitatafuta mkono ambao haujazeeka."

Mzee Yihya akakipokea kisu chake. Alikuwa ameshika kisu kile miaka yote ya ndoa yake na yote ya ujane wake. Badra alipomwona baba yake anainamisha kichwa kwa kosa la kusema kweli, alishikwa na hasira, nanyi mngeshikwa.

"Shikamoo, Mzee Azaria," akasema. "Hamini itakuwepo. Bila nyama."

Mzee Azaria akacheka. "Hamini bila nyama! Mwanangu, hicho ni chakula cha mgonjwa."

"Basi kesho uje ukiwa mgonjwa," akasema Badra, akaondoka.

Eeh! Msicheke, nyinyi msithubutu kumjibu mtu mzima hivyo.

Mbuzi wale akampa jirani yao Bibi Tuma, mfugaji, ambaye sheria ile haikumhusu. Kisha akaingia jikoni, akakunja mikono, akawaza. Je, hamini hunukia wakati gani? Si nyama inapoiva. Hunukia mapema, kitunguu kinaposhikana na mafuta. "Kumbe kazi yote anafanya kitunguu," akasema peke yake, "na sifa zote anapewa mbuzi!"

Akakata vitunguu kikapu kizima. Akavikaanga kwa moto mdogo, akakoroga, akakoroga, vikawa njano, vikawa kahawia, vikakaribia weusi, naye anakoroga. Akachoma biringanya juu ya makaa mpaka ngozi ikaungua, akachota kiini chake laini chenye harufu ya moshi. Akatia kitunguu saumu, bizari nyembamba, manjano, uwatu, na tende chache. Akatia ngano na maharage. Mwisho akafukia ndani mayai mazima na maganda yake. Kwa chumvi mkono ulisita. Akafumba macho, akatia.

"Inatosha?" baba yake akauliza mlangoni.

"Sijui, Baba."

Akaziba kifuniko, na jua likazama. Chungu!

Kimefunikwa!

Jumamosi adhuhuri wakwe wamekaa nyumbani kwa Mzee Yihya, Mzee Azaria katikati. Badra akabandua ule unga. Harufu ikatoka, ikajaa chumba kizima. Wakwe wakaanza kusogeza sahani. Lakini Mzee Azaria akasimama, uso umemkunjamana.

"Mtu asile! Hii ni nyama. Yihya, umeogopa aibu, ukatulisha mbuzi wa jana!"

Lo! Maskini Mzee Yihya akatoa macho. Badra akasogea. Akamkabidhi Mzee Azaria upawa.

"Mfupa hukaa chini ya chungu, nawe mkuu wetu kila Sabato ndiye hupewa. Utafute."

Mzee Azaria akachota. Akakuta yai, kahawia kama ngozi ya kiatu. Akachota tena, ngano. Akakwangua mpaka chini. Hakuna mfupa, hakuna hata uzi wa nyama.

"Mlitia, mkaitoa," akasema, lakini sauti imepungua.

Mlangoni Bibi Tuma, aliyeletwa na harufu, akapiga makofi. "Mzee, usinitukanie jirani! Mbuzi wote wawili nimewapika mimi jana. Miguu minane niliihesabu mwenyewe!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mzee Azaria akaketi, akamenya lile yai, akatafuna, akatafuna. Kisha akamtazama Mzee Yihya.

"Nisamehe, ndugu yangu. Kisu ni chako. Na mfupa wangu wa Sabato, kuanzia leo, uwe yai."

Wakala mpaka chungu kikalia kwa kukwanguliwa. Na Mzee Yihya, ambaye hakuwahi kuomba nyongeza ya chakula maishani mwake, akamnyooshea binti yake sahani mara ya pili.

"Chumvi inatosha," akasema. Badra akageuza uso, maana alikuwa analia, na alikuwa anajivuna.

Haya, wajukuu zangu. Mtu wenu akisema kweli pasipo wa kumwona, msimwache asimame peke yake. Kunjeni mikono mkamsaidie, hata kama mnacho kitunguu tu. Nami nimemaliza. Chungu!

Kimefunuliwa!

Leteni sahani.